Nani Kafungua Daftari?

Tarime,
10 Desemba 2024

Mwanangu Mokami,

Salamu zitakuja baadaye, leo naanza na neno lenyewe.

Juzi Jumapili, mchana kweupe, Shamsia alikuwa kwenye cherehani yake kule Mugumu. Wanaume wawili wakaingia barazani, wakasalimia vizuri, wakakaribishwa viti. Yule mkubwa akasema, "Mama, tumemfuata binti yetu Robi. Tunajua analala chumba cha nyuma, chenye mlango wa bluu." Alikuwa Waitara, baba mdogo wake Robi, yuleyule aliyekwisha kuzungumza na ngariba na kumtafutia mume mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Mungu ni mwema, Robi alikuwa ametumwa vifungo dukani. Shamsia akapaza sauti, majirani wakajaa, wale wakaondoka. Wameondoka bila kukimbia, Mokami. Walitembea kama watu watakaorudi.

Sasa nisikilize. Mabinti tunaowaficha mwaka huu ni kumi na wanne, mpaka shule zifunguliwe Januari na msimu wa kukeketa upite. Nani yuko kwa nani, tunajua wewe na mimi. Shamsia anamjua Robi tu. Majirani zake waliambiwa ni mpwa wake kutoka Bunda. Na hayo maneno, "chumba cha nyuma, mlango wa bluu", nimekwenda kuyaangalia. Yameandikwa hivyohivyo kwenye daftari letu la kwenye kompyuta, kwa mkono wako.

Wewe ndiye uliyeniambia daftari la karatasi huibwa. Ukaniletea lile boksi unaloliita seva, ukaliweka stoo nyuma ya magunia, ukasema majina ya watoto yatalala nyumbani kwangu na siyo kwa watu tusiowajua, nawe utalitunza kwa simu popote ulipo. Nilikubali. Nilikufundisha kusoma, nikaona nikikukubalia wewe nimejikubalia mwenyewe.

Nakuuliza swali moja tu: nani mwingine anashika simu yako?

Usinipigie. Usiniandikie ujumbe. Kama kuna mtu ndani ya simu zetu, asituone tukimtafuta. Andika kwa kalamu, mpe Jumaa wa dagaa, anafika Kisaka siku za mnada na kurudi.

Mwalimu Efrazia Werema


Kisaka,
12 Desemba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, Jumaa akiwa bado anashusha magunia yake. Namshukuru Mungu kwa vile vifungo.

Hakuna anayeshika simu yangu. Naomba nieleze ninavyoingia, usije ukadhani niliacha mlango wazi. Kwanza kuna VPN, ile njia ya siri niliyoiweka. Ichukulie kama bomba lililofukiwa ardhini kutoka simu yangu mpaka kwenye ruta yako, kile kifaa chako cha intaneti. Asiye na bomba hilo hawezi hata kujua kwamba seva ipo. Nikishapita hapo, seva inadai ufunguo. Huo si neno la siri ambalo mtu anaweza kubahatisha. Ni faili lenye herufi nyingi ajabu, limekaa ndani ya simu yenyewe, na kwenye simu yangu halifunguki bila kidole changu. Kuingia kwa neno la siri nilikufunga tangu mwezi wa tatu.

Jana nilijifungia nikasoma kumbukumbu zote za seva tangu Novemba mosi. Hakuna aliyejaribu akashindwa, hata mara moja. Walioingia ni wawili tu: kompyuta yako hapo nyumbani, na jina "simu ya Mokami". Yaani wewe na mimi.

Kwa hiyo nami naomba niulize, kwa heshima. Mtu anayekaa mbele ya boksi ana nguvu kuliko mwenye simu mbali. Anaweza kuchomeka kitu, anaweza kuketi kwenye kompyuta yako ukiwa kanisani. Godwin amerudi nyumbani tangu Oktoba. Nani ana ufunguo wa stoo?

Sisemi kitu juu ya mtu. Nauliza kama ulivyouliza.

Wako,
Mokami Heche


Tarime,
14 Desemba 2024

Mokami,

Godwin ni mwanangu wa kumzaa. Ana ufunguo wa stoo kwa sababu umeme ukikatika lazima mtu aangalie betri ya boksi lako. Sikukuambia kwa kuwa sikuona cha kuambia. Nimemuuliza mbele ya picha ya marehemu baba yake kama amewahi kufungua daftari la mabinti. Akasema, "Mama, mimi nafuta vumbi tu." Namjua mwanangu anapodanganya, hutazama miguu yake. Safari hii alinitazama machoni.

Sasa nikuulize usilolitaja. Umeolewa kwa Heche. Mkweo ni mzee wa mila, na mwezi uliopita alikaa kikao na wenzake cha kupanga msimu. Nimelisikia sokoni kwa muuza nyanya wakati wewe unaweza kulijua mezani. Kwa nini sikulisikia kwako?

Tuache hayo kwa leo. Robi nimemhamisha. Yuko Sirari kwa Sabaha, muuza vitenge, chumba cha uani karibu na tangi la maji. Liandike kwenye daftari kama kawaida, nisije nikafa ghafla ikawa hakuna anayejua mtoto yuko wapi.

Mwalimu Efrazia Werema


Kisaka,
16 Desemba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Nimeandika leo Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa peke yangu chumbani. Sabaha, Sirari, chumba cha uani, tangi la maji. Nikatoka, nikafunga njia.

Kuhusu Mzee Heche, sijakuficha kitu ambacho hukukijua. Ulikaa naye meza moja siku ya harusi yangu, mkacheka. Ni mzee wa mila, ndiyo. Wake za wanawe hawaketi mezani na mazungumzo yake. Kikao hicho nimekisikia kwenye barua yako.

Ila nikwambie linalonipata. Tangu barua yako ya kwanza simu nailalia. Nimebadilisha namna ya kuifungua, hata nikienda kuoga naibeba. Jumamosi mume wangu Wangwe alikuja kutoka Kewanja, ametoka kuchomelea mageti wiki nzima, amechoka. Akanitazama nikiitia simu kwenye kanga.

"Siku hizi unaoga nayo?"

"Ni kazi ya Mwalimu."

"Kazi ya Mwalimu gani inakwenda bafuni?"

Nikaikaza kanga. Akasema, "Kama kuna mtu, niambie. Mimi si mtoto." Ningesema nini? Yeye ni mtoto wa Mzee Heche, nawe umeshaniuliza juu ya Mzee Heche. Nami, Mungu anisamehe, nilipomtazama mume wangu akila ugali niliwaza, je, kama ni yeye?

Aliondoka alfajiri ya Jumapili bila chai. Anadhani nina mwanaume mwingine. Nimemwacha adhani, maana hilo ni salama kwa mabinti kuliko ukweli.

Mokami


Tarime,
22 Desemba 2024

Ndugu Mokami,

Robi hakwenda Sirari. Hajawahi kufika Sirari maishani mwake.

Nilikwenda mwenyewe kwa Sabaha tarehe kumi na tano, nikamwomba jambo moja tu: mtu akija kuulizia binti yeyote, amwambie hayupo, kisha anijulishe. Jina la binti sikumpa. Habari za tangi na chumba cha uani niliziona kwa macho yangu siku nyingi, nikaziandika kwenye barua niliyokutumia. Hakuna mwingine duniani niliyemwambia.

Juzi Ijumaa Waitara aligonga geti la Sabaha na mwenzake. Akasema, "Tumemfuata Robi, yuko chumba cha uani, pale kwenye tangi."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Leo baada ya ibada nimenakili majina yote kumi na manne kwa kalamu, kisha nikaingia stoo nikachomoa waya wa lile boksi. Ile taa yake ya kijani imezimika. Nimewaambia akina mama wa kikundi wasikupe habari yoyote, na ukiwapigia wasipokee.

Sijui walikuahidi nini. Labda hawakukuahidi kitu, labda ulibanwa ukweni na ukashindwa kusema hapana. Wanawake wengi wameshindwa kusema hapana ukweni, nami sikuhukumu kwa hilo. Nakuhukumu kwa kunyamaza.

Efrazia Werema


Kisaka,
24 Desemba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Umenitega kama panya. Nimelia, nimemaliza. Jumaa ameniambia hata yeye ulimwonya asikae sana kwangu, na ameniomba radhi kwa kunificha.

Sikumwambia mtu. Nimelisema hilo, na najua halikusaidii kitu, maana hata msaliti angelisema.

Lakini fikiri nami kama ulivyonifundisha kufikiri. Mtego wako umeonyesha kitu ambacho kumbukumbu za Novemba hazikuweza kunionyesha. Maneno ya tangi la maji yaliingia kwenye daftari Jumatatu saa nne. Ijumaa Waitara alikuwa nayo. Kama si mdomo wangu, basi kati ya siku hizo kuna aliyefungua daftari, na seva imemwandika. Imemwandika hata kama ametumia jina langu. Ukiiacha imezimwa, unamficha yeye.

Chomeka waya kwa saa moja tu. Alhamisi tarehe ishirini na sita, saa nne mpaka saa tano asubuhi. Kaa mbele ya kompyuta yako, Godwin akae nawe. Nitaingia kwa simu kutoka hapa, na kila nitakachoandika kitatokea kwenye skrini yenu. Daftari sitaligusa. Nikikosea hata neno moja, chomoa.

Najua natumia njia ileile unayoishuku. Sina nyingine.

Mokami


Kewanja,
28 Desemba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Asante kwa ile saa moja. Uliona, lakini sijui kama ulielewa ulichokiona, kwa hiyo naandika yote, na ninalolionea aibu liwe la kwanza.

Tarehe kumi na mbili nilikuambia walioingia ni wewe na mimi. Nilikuficha kitu. Kulikuwa na mistari ya "simu ya Mokami" saa tano asubuhi, siku za Jumatano, saa ambayo nilikuwa darasani nasimamia mitihani na simu imezimwa ofisini. Niliiona. Nikajiambia labda seva imekosea saa, labda simu inajisasisha yenyewe. Mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu usalama, Mwalimu. Niliogopa kuuliza swali ambalo jibu lake ni mimi.

Alhamisi nikalitafuta lile jibu. Kwenye seva kila ufunguo una jina, na mbele ya jina una chapa yake ya herufi. Mimi siku zote nilisoma jina. Ng'ombe wawili unaweza kuwaita jina moja, lakini chapa hazifanani. Nikazilinganisha: "simu ya Mokami" ziko mbili. Iliyofungua daftari Jumatano tarehe kumi na nane, saa tano na dakika sita, siyo hii niliyo nayo.

Ni ile ya zamani. Pasaka nilinunua simu mpya, na ile nikampa mama mkwe wangu hapa Kewanja ili tuwe tunaonana kwa video. Nilifuta picha na jumbe, nikaona nimemaliza. Ufunguo sikuuondoa, bomba sikulikata, na simu ile haina hata mahali pa kuweka kidole. Nilikuwa na haraka ya gari. Miezi minane mlango wa mabinti umekaa mfukoni mwa aproni.

Kile ulichoona dakika ya kumi na mbili ni mimi nikifuta ufunguo ule. Godwin aliandika "Sawa" kwenye skrini. Neno hilo nimelibeba mpaka huku.

Jana nikapanda basi. Njia nzima niliona sura ya Mzee Heche ameshika ile simu. Nilimkuta Mama Modesta anaanika ulezi. Nikamsalimu, nikaketi, nikamwambia anionyeshe simu. Akaitoa mfukoni mwa aproni. Nikamwonyesha kwa kidole ile alama ya kabati kwenye skrini, inayofungulia daftari.

"Mama, hii umewahi kuifungua?"

"Ya daftari la watoto? Kila Jumatano, kabla sijaenda jumuiya."

Alisema hivyo, akaendelea na ulezi.

"Kwa nini, Mama?"

"Si uliniachia niwaombee? Nawasoma jina kwa jina. Kumi na wanne. Nikajua mkwe wangu ameniamini na jambo kubwa, nikafunga mdomo, hata baba yenu hajui. Simu yenyewe hajui inawashwaje."

Nikamuuliza kama alimwambia mtu yeyote, hata mmoja. Hapo ndipo mkono wake uliposimama juu ya ulezi. Akaniambia atakuandikia mwenyewe. Barua yake hii hapa, sijabadilisha neno.

Simu ile nimeifuta yote mbele yake. Wangwe naye nimemwambia, jana hiyohiyo. Akasema, "Bora ungekuwa na mwanaume, ningejua la kufanya." Halafu akaniuliza nimekula.

Mokami


Kewanja,
28 Desemba 2024

Kwa Mwalimu Efrazia,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni Modesta Heche, mama yake Wangwe. Sina mazoea ya kuandika barua, utanisamehe kwa mwandiko.

Mkwe wangu analia anasema kosa ni lake. Si lake. Ni mimi niliyesema.

Unamjua Robi. Mama yake humjui. Anaitwa Lilian, ni mjane, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtoto alipotoroka, Waitara na ndugu zake walimkamata Lilian wakasema amemuuza mtoto. Wengine wakasema amemuua. Lilian alikuwa hajui kitu. Alimpa mtoto nauli na kumwambia kimbia, basi. Walimpiga siku tatu. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya hapa kijijini miaka kumi na tisa, nilikwenda kumkanda kwa maji ya moto. Akaniambia, dada, mimi kupigwa nitazoea, lakini niambie kama mtoto amekufa.

Nilikuwa nimelisoma jina la mtoto wake asubuhi ileile. Mwalimu, ungeweza kumwosha majeraha ukanyamaza? Nikamwambia yuko hai, yuko Mugumu kwa fundi cherehani Shamsia, ana chumba chake, mlango wa bluu. Nilimwambia mpaka rangi ya mlango ili aamini. Aliamini. Akalala usingizi.

Usingizi ule ndio uliomponza. Waitara alimwona ametulia, akajua anajua. Wakampiga tena mpaka akasema.

Wakarudi kutoka Mugumu bila mtoto. Lilian akaja kwangu, ananiuliza je, walimkuta? Nikamsomea kwamba amehamishwa, yuko Sirari, kwenye tangi. Nilijua ni hatari. Nilimwapisha. Lakini mara ya pili walimvunja mkono, na mwenye mkono uliovunjika hashiki kiapo, anasema tu.

Waitara hana simu yenu wala hajui kompyuta. Ana fimbo tu.

Sikuombi unisamehe kwa kumwambia mama kwamba mwanawe yu hai. Hilo ningelifanya tena. Nakuomba umtoe Lilian hapa kabla hawajarudi kumuuliza mara ya tatu, maana sasa hana la kuwajibu.

Modesta Heche


Tarime,
3 Januari 2025

Mwanangu Mokami,

Lilian yuko hapa. Jumatatu nilikwenda Kewanja na askari wawili wa dawati la jinsia, tukamkuta kwa mkweo amefichwa nyuma ya mapipa ya nafaka. Na niseme lililonishangaza: Mzee Heche alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake, mkongojo magotini. Alikuwa ameigundua siri ya mkewe usiku uliopita. Sijui alifikiri nini. Hakunisalimu vizuri. Askari walipouliza kama kuna mwanamke ndani, alisogeza kiti. Basi, alisogeza kiti tukapita. Akasema nyuma yetu, "Msinitaje." Waitara amechukuliwa kwa ajili ya mkono wa Lilian. Mwenzake bado anatafutwa.

Mkono umefungwa plasta. Robi, ambaye muda wote alikuwa chumbani kwangu, alipomwona mama yake hakumkimbilia. Alisimama mlangoni akamwangalia tangu kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayehakikisha hajaletewa mwingine. Siku ya tatu alikwenda kumkatia mama yake mboga, kwa vile mkono mmoja hauwezi.

Kuhusu wewe na mimi. Nilikosea, na nilikosea kwa ustadi. Mtego wangu ulikuwa mzuri na ulimnasa asiyehusika. Akina mama wa kikundi nimewaambia ukweli, wote wamesema "pole yake", lakini nimeona wawili wakitazamana. Neno baya nililowapa halitarudi lote. Hilo nitalibeba mimi.

Nawe uliniambia hakuna mwingine wakati ulikwisha kuiona mistari ya Jumatano. Kama ungesema siku ile, mkono wa Lilian ungekuwa mzima. Silisemi kukuumiza. Nalisema kwa sababu ukilisikia kwa mwingine litakuwa kali zaidi.

Boksi nimelichomeka. Nataka tulitunze tena, lakini ufunguo wa mtu mmoja usitoshe. Ukiingia wewe, mimi nipate taarifa papo hapo. Nikiingia mimi, upate wewe. Simu ikibadilishwa, ya zamani ife siku hiyohiyo, mbele ya shahidi. Najua si kuaminiana huko. Labda ndiko kuaminiana kwa watu walioumizana.

Robi ameomba kalamu na karatasi. Anataka kukuandikia, na amekataa nisome.

Mwalimu Efrazia


Tarime,
5 Januari 2025

Kwako Mwalimu Mokami,

Shikamoo. Mimi ni Robi. Hatujaonana lakini wewe unanijua sana.

Kaka Godwin alinionyesha ukurasa wangu kwenye kompyuta. Nilimwomba yeye kwa sababu Mwalimu angekataa. Imeandikwa umri wangu, na kwamba naogopa mbwa, na kwamba nikishtuka nakojoa kitandani. Hayo nilimwambia Mama Shamsia peke yake, ili anipe mpira wa kutandika kitandani. Sikujua yanaandikwa. Mama mkwe wako ameyasoma kila Jumatano. Najua alikuwa anasali.

Baba mdogo alikuwa na karatasi. Juu jina langu, chini ng'ombe kumi na wawili. Ninyi mna kompyuta. Najua si sawa, ninyi mnanisaidia, mama amesema niwe na adabu. Lakini kila mtu anayenitaka, kwa mazuri au kwa mabaya, kwanza ananiandika mahali.

Naomba unifute.

Mwalimu Efrazia akisema hapana, mwambie ni mimi nimesema.

Wako mtiifu,
Robi


Kisaka,
8 Januari 2025

Robi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Una adabu, mwambie mama yako nimesema hivyo.

Mwalimu alisita. Nilimpigia, tukazungumza kwa simu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja. Akasema, "Akipotea tutamtafutaje?" Nikamwambia swali hilo tukuulize wewe, maana aliyekuwa akitafutwa ni wewe. Nikasikia sufuria inachemka nyuma yake. Kisha akasema, "Futa. Nami nitazame."

Basi nimefuta leo saa nane mchana. Si ukurasa tu. Seva hujiwekea nakala kila siku, nimezipitia zote, moja baada ya nyingine, tangu siku uliyofika kwa Shamsia. Kuna nyingine ilikuwa kwenye diski ndogo kabatini kwa Mwalimu, Godwin ameichomeka nikaifuta kutoka hapa, kisha nikaitafuta tena kwa jina lako ili nione kama kuna iliyobaki. Ilijibu kwamba haipo. Karatasi aliyonakili Mwalimu kwa kalamu ameichana sehemu yako, akaitia moto jikoni. Ilinichukua saa mbili. Mume wangu alikuwa ameketi pembeni akaniuliza ninafanya kazi gani ngumu hivyo. Nikamwambia, "Namtoa mtu." Akaniletea chai.

Wenzako kumi na watatu nitawauliza kila mmoja, mwenyewe, kabla ya shule kufunguliwa. Nilipaswa kuwauliza kabla ya kuandika. Hukuniambia hivyo kwenye barua, lakini nimelisikia.

Kuhusu mkono wa mama yako sina neno la kutosha. Nitakuja kumwona, akikubali.

Sasa mahali utakapokwenda na shule utakayosoma mnajua wewe, mama yako, na yeyote mtakayependa ajue. Mkihama, usiniambie.

Mokami